Mpini wa Madame

Nyinyi mliobaki karakana mmeniomba niandike niliyoyaona kazini kabla sijayasahau. Nitaandika. Lakini habari za vyeo na mishahara msizitafute hapa. Vyeo vilikuja vikaondoka, na mishahara, kama mnavyojua wenyewe, ilikuwa na tabia ya kuondoka kabla haijafika. Mimi nilikuwa fundi wa mipini katika karakana ya reli hapa Kamina: mipini ya nyundo, ya sururu, ya majembe, ya mashoka. Watu wa treni walitucheka, wakisema sisi ndio tunaoendesha reli kwa vijiti. Tuliwaacha wacheke, kwa sababu walikuwa hawajui kinachotokea kijiti kinapokatika mkononi.

Nitaandika pia habari za wivu, maana bila wivu nisingejifunza hata nusu ya kazi hii. Mchungaji wangu ananiambia wivu ni dhambi. Mchungaji ni mtu mwema, lakini hajawahi kufanya kazi meza moja na Kasongo.

Siku yangu ya kwanza nilipokelewa na Papa Tshibangu, mkuu wa useremala. Alikuwa mtu wa Kasai aliyekuja Kamina kijana, akaoa hapa, watoto wake wote wakazaliwa hapa. Alinipa kipande cha mti na kisu cha mikono miwili, akaniambia nichonge mpini wa nyundo. Nilikuwa nimetoka shule ya ufundi, nikataka aone nimetoka shule. Niliuchonga ule mpini mpaka ukang'aa, nikaupitisha msasa, nikaupaka na mafuta. Papa Tshibangu aliugeuza mara moja, akanipeleka nje penye reli, akaupiga ubavuni mwa chuma. Ukakatika vipande viwili.

Akaniinamisha nitazame pale ulipokatika. Nyuzi za mti zilikuwa hazifuati mpini. Zilipita upande zikatokea ubavuni.

"Iko muzuri kwa macho," akaniambia. "Lakini muntu hapigake na macho."

Kasongo alianza kazi wiki ile ile. Yeye alitoka Kinkondja, kule ziwani kwenye samaki, na shule yake ilikuwa baba yake. Alipewa mti kama wangu. Mpini aliouchonga ulikuwa mbaya, umepinda kidogo, na magamba ya mti yalikuwa bado yanaonekana mahali pawili. Papa Tshibangu aliupiga kwenye reli, ukalia ukabaki mzima.  Alimrudishia tu, akamgusa bega. Mimi sikuguswa bega. Nimefanya kazi miaka mingi tangu hapo, nimezika wazazi na nimeozesha mabinti, na bado naweza kuwaonyesha ni bega gani.

Papa alitufundisha sote wawili mambo yale yale. Mpini mzuri unatoka kwenye mubanga, ule mti mgumu wa porini, na mubanga haupasuliwi kwa msumeno. Unapasuliwa kwa kabari, ili mti wenyewe uonyeshe njia ya nyuzi zake. Ukishapasua, usiuanike juani, kwa maana jua linakausha ngozi na kuacha unyevu ndani, na mwaka unaofuata mpini unalegea kichwani bila kutoa taarifa. Uweke jikoni, juu ya moto wa mama, moshi uupite taratibu mpaka ukiugonga ulie. Wake zetu hawakupenda. Jikoni kwangu palikuwa na mipini mingi darini kuliko samaki, na mke wangu Helena alisema wageni wakiona watadhani tunakula mipini.

Kesi iliyonifundisha zaidi ilitokea upande wa Kabondo-Dianda. Watu wa njia walikuwa wanakata miti iliyoinamia reli, shoka moja likaacha mpini wake hewani, likaingia pajani mwa mtu aliyesimama nyuma. Walimleta kwa kigari cha reli, amefungwa na shati. Alipopata nafuu kidogo, Papa Tshibangu alitupeleka hospitalini mimi na Kasongo. Tulibeba samaki, tukamsalimia, tukamuombea. Kisha Papa akamuomba yule mgonjwa ruhusa tuone jeraha, naye akakubali, akafunua shuka mwenyewe. Mpini ule haukuwa wa kwetu. Ulinunuliwa mjini, umepakwa rangi nyekundu, mzuri sana kwa macho. Tangu siku ile hakuna shoka la reli lililotoka Kamina bila kupita mezani kwetu, na Papa alikuwa analikamata kila moja na kulitikisa sikioni.

Sasa niwaambie juu ya Madame.

Madame lilikuwa shoka la Papa Tshibangu mwenyewe, si la reli. Kichwa chake kilitoka Ulaya pamoja na watu waliojenga njia hii, na Papa alikirithi kutoka kwa fundi aliyemfundisha. Ubavuni kulikuwa na maandishi yaliyofutika, zikabaki herufi mbili ambazo hakuna aliyekubaliana na mwenzake ni herufi gani. Tulikiita Madame kwa sababu kilipakwa mafuta ya mawese kila jioni, kikavikwa kitambaa, na hakikutumwa kazi za hovyo. Chuma chake sijaona mfano. Mashoka mengine ulikuwa unayanoa asubuhi na mchana. Hili ulilinoa ukasahau umeweka wapi tupa. Tatizo lake lilikuwa tundu. Tundu la Madame lilikuwa na umbo la yai, pana juu na pana chini, lakini limebanwa katikati, na limelala kidogo upande mmoja. Mpini wa shoka lingine lolote ulikuwa unaingia vizuri chini, unacheza juu. Papa peke yake ndiye aliyejua kulichongea.

Nililitamani lile shoka. Sisemi nililipenda, nasema nililitamani. Kulishika tu, siku moja, mbele ya watu. Siku moja Papa alikuwa na mzigo mikononi, akamwambia Kasongo amchukulie Madame kutoka karakana mpaka penye behewa. Ni mwendo mfupi. Mimi nilikuwepo, nimeshika msumeno.

Kwetu, mtoto akipewa jina la mtu, anachukua nafasi ya yule mtu. Hata baba yake mzazi atamwita kwa heshima ya mwenye jina, na mwenye jina naye anamhesabu yule mtoto kama yeye mwenyewe. Na jina haliulizi kama mtoto ni mwanamume au mwanamke. Mabinti zangu wawili wa kwanza walikuwa na majina ya mama yangu na ya mama mkwe, kama inavyopasa. Helena alipobeba mimba ya tatu, nilimwambia kwamba huyu ataitwa Tshibangu. Wiki chache kabla hajajifungua, mke wa Kasongo alizaa binti. Kasongo alimpita mama yake, akampita mama mkwe wake, akapita ukoo mzima, akamwita mtoto Tshibangu. Papa alipoletewa habari, aliacha kazi katikati ya siku. Sikuwahi kumuona akiacha kazi katikati ya siku. Alienda kumuona omonime wake, yaani wajina wake, akarudi akiwa ametabasamu mpaka jioni. Mimi nikampa mgongo, nikaendelea kuchonga. Binti yangu wa tatu tulimpa jina la shangazi yangu, ambaye alikasirika kwa kuja wa tatu.

Kisha ikaja miaka ile ambapo watu wa Kasai waliambiwa kwamba huku Katanga si kwao. Nyinyi wengi mlikuwa wadogo, na wengine mnalo jambo hilo nyumbani kwenu, kwa hiyo sitalirefusha. Papa Tshibangu, aliyekuwa amezika mtoto katika ardhi hii, alikaa gare, pale stesheni, na mke wake na watoto wake juu ya mizigo, akingoja behewa. Tulipeleka chakula kwa zamu, siku moja Helena, siku moja mke wa Kasongo. Vijana walikuwa wanapita wakikagua mizigo kutafuta silaha. Shoka lenye mpini lilikuwa silaha. Chuma kisicho na mpini kilikuwa chuma chakavu. Papa aliniomba nimshikie Madame, akachukua msumeno, akaukata mpini mwenyewe, sawasawa na kichwa, kikabaki kisiki tu ndani ya tundu. Hivyo ndivyo nilivyolishika Madame mara ya kwanza. Mpini ulianguka chini kati ya miguu yetu.

Behewa lilipofika, watu walikuwa wengi kuliko nafasi, na hata chuma chakavu hakikuwa na pa kukaa. Papa akamwita Kasongo.

"Hii ni ya omonime wangu," akamwambia, akampa kile kichwa kikiwa kimefungwa na kitambaa. "Umuchungie yeye."

Kisha akaingiza mkono ndani ya koti, akatoa ubao mwembamba, mweusi kwa mikono ya watu. Ulikuwa modeli ya mpini wa Madame, ule aliouweka juu ya karatasi na juu ya mti kila alipochonga mwingine. Akanipa.

"Ngoy, weye shika hii."

Watu wakasukuma, mlango ukajaa, nami sikupata nafasi ya kumuuliza. Tulisikia baadaye kwamba alifika Mbuji-Mayi, na baadaye tena tukasikia amefariki huko. Kasongo alipewa chuma, mimi nikapewa ubao. Helena alisema Papa alitaka tuelewane, ndiyo maana alitugawia kitu kimoja vipande viwili. Nilimwambia Papa alikuwa na mizigo mingi na haraka nyingi.

Niliutundika ule ubao ukutani. Na mwaka ule ule nilipasua mubanga, nikachagua kipande chenye nyuzi zilizonyooka kuliko vyote nilivyowahi kupasua, nikakiweka juu ya moto wa Helena. Aliniuliza ni cha nini, maana hakikuwa na urefu wa kazi. Nikamwambia.

"Unatengenezea bibi ya mwenzako kitanda," akasema.

 Nilikuwa najua kwamba Madame analala chini ya kitanda cha mtoto, hana mpini, na kwamba Kasongo hawezi kulichongea. Nilikuwa nangoja aje. Alikuwa fundi mzuri wa mabenchi na madirisha ya mabehewa, lakini mipini ya mashoka ilikuwa yangu, na yeye alilijua hilo. Hakuja. Meza zetu ziliendelea kupakana. Tulisalimiana kila asubuhi kwa jina la Bwana, tukaazimana patasi, tukaongea juu ya kazi tu, na miaka ikapita hivyo.

Vita vilipokuja, vile vya mwisho, vilivyochukua muda, njia ya kaskazini ilikatika, na karakana ikawa kimya. Base, ile kambi kubwa ya jeshi, ilijaa wanajeshi, wa kwetu na wa nchi nyingine, pamoja na familia zao. Shirika lilituambia tungoje. Mimi nilichonga mipini ya majembe na michi ya kutwangia, Helena akaiuza sokoni, tukala bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo, na siku nyingine bukari peke yake. Kasongo alienda porini kuchoma makala, yaani makaa ya kupikia, akayapeleka kwa baiskeli mpaka Base kwa wake za wanajeshi. Alikuwa na shoka la kawaida, na alikuwa na nguvu, na kwa muda watoto wake walikula kuliko wa kwangu. Hilo nalo nililiona.

Siku moja alirudi kwa miguu. Kwenye barrière, kizuizi cha barabarani, wanajeshi walimchukulia baiskeli, makala na shoka. Alijaribu kukata miti kwa panga, na kila aliyemuona alionea huruma wote wawili, mti na mtu. Shoka jipya halikupatikana. Chuma chote kizuri kilikuwa kimeingia vitani kwa njia moja au nyingine. Nyumbani kwake kilikuwa kimebaki kipande kimoja tu cha chuma kinachoweza kukata mti, nacho kilikuwa chini ya kitanda, kimezibwa tundu kwa kisiki cha mpini wa Papa.

Mnajua kisiki kilichokaa muda mrefu kinavyokuwa. Papa alikuwa ameukaza mpini ule kwa kabari ya chuma, na kutu ilikuwa imeshika pande zote. Kukipiga kwa nyundo ni kupasua tundu. Mimi ningekitoboa kwa keekee, kidogo kidogo, kwa siku nyingi. Ijumaa moja Helena alirudi kutoka mazoezi ya kwaya na habari kutoka kwa mke wa Kasongo: kesho mume wake atatia Madame motoni, kisiki kiungue.

Nyinyi ni mafundi, mnaelewa. Shoka likiingia motoni makali yanakuwa laini. Linabaki na sura yake, linabaki na herufi zake, lakini ni jembe. Kwao Kinkondja shoka linatiwa mpini kwa moto: mkia wa chuma unapashwa mpaka unakuwa mwekundu, unachomwa ndani ya kichwa cha mti, na ni kazi nzuri sana kwa mashoka yao. Madame si shoka la namna ile. Nilimuona tayari, Kasongo wa Kinkondja, akimuua Madame kwa ujuzi wa babu yake.

Na nilifurahi. Nawaandikia kama ilivyokuwa. Jumamosi nilikaa nyumbani, nikaomba maji ya kunawa, nikala. Nilifikiri: alilipata bila kulistahili, na sasa atalipoteza kwa mkono wake, na Papa huko aliko ataona. Chakula kilikuwa kizuri. Halafu nikafikiri juu ya yale makali, nikaacha bukari katikati, nikatoka. Msidhani nilikwenda kwa wema. Nilishindwa kuvumilia kitu nilichokitamani namna ile kife mikononi mwa mtu mwingine, wakati mimi sijapata nacho hata siku moja.

Nilimkuta nyuma ya nyumba, amepiga magoti, anapepea. Makala yalikuwa mekundu.

"Kasongo," nikamwambia, "toa ile kintu mu moto."

"Makali haiko mu moto, Ngoy. Iko mu matope. Gusa."

Nikainama. Alikuwa amechimba shimo, amelijaza udongo mzito wa mtoni, na kichwa cha Madame kilikuwa kimezama humo kwa makali, kinatokeza tundu tu, makala yamelizunguka hapo juu. Kila mara mke wake alimwaga maji kidogo kwenye udongo. Niliingiza vidole vyangu pale makali yalipokuwa. Palikuwa baridi.

"Kwetu banafanyaka bile, kama shoka iko ya bazungu," akasema. "Babu yangu alikuwa nayo moja."

Mimi nilikuja kuokoa shoka, na shoka halikuhitaji kuokolewa. Nilisimama pale nikaona kisiki kikiungua, kikageuka majivu, kabari ya Papa ikaanguka yenyewe. Sijawahi kumuonea Kasongo wivu kama saa ile. Angekosea, ningemsamehe mambo mengi.

Chuma kilipopoa alinionyesha mipini aliyokwisha kuichonga akijiandaa, na sasa akaijaribu mmoja mmoja. Yote iliingia, yote ikacheza. Aliitupa kando. Mke wake alikuwa ameingia ndani, na pale nje palikuwa na sufuria iliyofunikwa ambayo nilijua haina kitu, kwa sababu na sisi tulikuwa nayo ya namna hiyo siku nyingine.

"Modeli iko bado kwako?" akaniuliza, bila kunitazama.

Nikasema ipo, na mti upo, umekauka. Nikasema nitachonga, lakini Madame lazima lilale kwangu mpaka kazi iishe, maana mpini wa tundu kama lile unajaribiwa na kutolewa mara nyingi. Hilo lilikuwa kweli. Kasongo akafikiri, akasema shoka si lake, nimuombe mwenyewe.

Mwenyewe, yule binti, alikuwa amekaa mlangoni anachambua majani ya viazi. Nilivua kofia. Nikamsalimia kama inavyopasa: nikamwita Papa Tshibangu, nikamuomba ruhusa ya kuchukua shoka lake nilitie mpini.

"Chukua, Ngoy," akasema, na akaendelea na majani yake.

Mtoto mwingine wa rika lake angeniita Papa Ngoy. Huyu alikuwa amelelewa na jina lake, akaniita kama Papa alivyoniita, Ngoy tu.  Nililibeba Madame nyumbani chini ya shati.

Sasa kazi yenyewe, maana ndiyo mliyoniomba. Nililaza modeli juu ya mubanga nikafuata mstari wake, nikaacha unene zaidi pale kichwani. Ndani ya tundu nilipaka masizi ya sufuria. Unauingiza mpini kwa kuugonga kitakoni, unautoa, na pale palipo na weusi ndipo panapokugombeza: unakwangua weusi tu, basi, kisha unaingiza tena. Katikati, pale tundu lilipobanwa, nilikwangua kwa kipande cha chupa. Upande lilipolala, nililaza mti nao. Mpini ulianza kushika chini, baadaye ukashika katikati. Kila jioni nilimpaka Madame mafuta, nikamfunga kitambaa, nikamuweka juu ya kiti karibu na kitanda changu. Nilikuwa nikiamka asubuhi namuona.

Kazi ile ilichukua muda. Mpini mzuri hauharakishwi. Helena aliona mambo kwa namna yake. Siku moja mke wa Kasongo alikuja kuazima unga, na Helena akampa nusu ya uliokuwepo, kisha akaja kusimama mbele yangu nikiwa nakwangua mahali ambapo, kusema kweli, palikuwa hapana weusi tena.

"Ngoy, ile mupini itamalizika siku gani?"

Nikamweleza habari ya nyuzi na ya tundu.

"Mupini ilimalizika," akasema. "Weye njo haujamalizika. Bale batoto balale na njaa mpaka utamalizika?"

Nilimwambia atoke kwenye mwanga. Alipotoka, nilichonga kabari ya mti, nikaukaza mpini, nikaipigilia kabari ya chuma ya Papa, ile ile, nikakata kilichozidi. Nililitikisa shoka sikioni. Halikusema kitu. Nikajua kwamba sina tena sababu ya kubaki nalo, na nikakaa nalo magotini kwa muda mrefu mbele ya mlango.

Nilipolirudisha nililibeba begani, wazi, na sikupita njia fupi. Nilipita kanisani, nikapita gare, nikapita kampi yote ya wafanyakazi. Watu walisema, tazameni, Madame. Mimi nikasalimia kila mtu.

Kasongo alilipokea kwa mikono miwili. Nilifikiri atatazama makali kwanza, kama kila mtu. Yeye aliuinua mpini mpaka jichoni, akautazama kwa urefu wake kama mtu anayetazama reli, kisha akaushusha mkono taratibu toka kichwani mpaka kitakoni, akarudia. Alisimamisha gogo. Akapiga mara moja, na gogo likafunguka. Akapiga tena, na tena, mpaka mke wake na watoto wakatoka ndani kutazama, naye hakuacha mpaka jasho likamwingia machoni. Halafu akakaa juu ya gogo, Madame liko magotini mwake, akaanza kuongea akitazama chini.

"Ngoy, nitakuambia neno moja. Siku ile ya gare, Papa alinipatia hii chuma juu ya mutoto. Kama mutoto haiko, hangenipatia kintu. Weye alikupatia modeli juu ya weye mwenyewe, juu ya mukono yako. Niko na jaluzi, ile wivu, na weye tangu ile siku. Kila nilikuwa napita kwako naona ile ubao ku ukuta, nasema, njo huyu alipendaka."

Nilimwambia sikumsikia vizuri kwa sababu ya upepo. Akarudia yote. Upepo haukuwepo.

Sijui niwaandikie nini juu ya saa ile. Miaka yote nilikuwa natazama mgongo wake, kumbe naye alikuwa anatazama wangu. Nilitaka kucheka na nilitaka kukaa chini. Nilimfikiria Papa, nikaona kwamba sitajua kamwe ni yupi kati yetu aliyepewa kitu kikubwa, na kwa mara ya kwanza kutokujua huko hakukuniuma.

Kasongo akapangusa uso. Akaniuliza kama ninaweza kumwazima ule ubao kwa siku moja tu, auchore juu ya ubao wake, ili mpini ukikatika asinisumbue tena.

Nikamjibu hapana.

Alininyanyulia macho. Nikamwambia yeye ana chuma, aniachie mimi ubao. Huu mpini utakatika siku moja, kila mpini unakatika, na siku hiyo atalibeba Madame mpaka kwangu, atakaa kwenye kiti changu, atakunywa maji yangu, na kungoja mpaka niwe tayari. Akaanza kucheka, kwanza peke yake, baadaye na mke wake.

"Basi nitakuwa nakuja kwako mpaka nakufa," akasema.

"Njo vile miye nataka," nikamwambia.